Picha ya Mwezi wa Tisa

Sisi watoto wa Jericho, mtaa wa Nairobi, tulipajua nyumbani kwa mwezi mmoja tu. Shule zikishafungwa, na karakana ya wachongaji alikofanya kazi baba ikishapunguza kazi, mama alichukua likizo yake kule kanjo, yaani baraza la jiji, alikokuwa karani, tukafunga safari kwenda Ukambani kula Krismasi. Tulikaa wiki tatu, tukarudi tumenenepa na magoti yamejaa mikwaruzo. Na Desemba kule ni mwezi mwongo, ingawa hakuna aliyetuambia. Mvua ya vuli huwa imenyesha mwezi mzima, mahindi yamefika kiunoni, vichaka vimefunga vijia, na mtoto wa mjini hurudi kuwaambia wenzake kwamba kwao ni kijani mwaka mzima. Mimi nilisema hivyo hadi darasa la nane, tena kwa majigambo, kwa sababu watoto wenye asili ya Magharibi mwa Kenya tuliokaa nao safu moja ya nyumba walizoea kututania kwamba kwetu ni mawe na njaa.

Agosti na Septemba hatukwenda. Hiyo ilikuwa miezi ya simu: kisima kimekauka, tuma unga, fulani amefariki. Wakubwa walikwenda mazishini wakarudi na vumbi hadi kwenye nyusi, sisi tukaachwa kwa jirani. Kwa hiyo nilifikisha umri wa miaka thelathini na moja, nina shahada na kazi ya kutazama ardhi kutoka angani, bila kuwahi kupaona kwetu wakati wa kiangazi. Naliandika hili mwanzoni kwa sababu mengine yote yalitokana nalo.

Baba yangu alikuwa mchongaji wa vinyago. Alichonga swala na twiga na vikongwe wenye fimbo kwa zaidi ya miaka thelathini, katika karakana iliyokuwa karibu na Majengo, na vumbi la mpingo lilikaa kwenye mistari ya viganja vyake hata siku za harusi. Sasa magoti yamemkataa na mama hayupo tena. Tunaishi wawili katika nyumba ile ile tuliyopewa na kanjo wakati wa mama, yeye akikaa mlangoni akisugua vijiko vya mbao kwa msasa, mimi nikitoka asubuhi na kurudi jioni.

Alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake, ambaye kwangu ni baba mdogo. Walipokuwa vijana babu aliwagawia maisha. Mkubwa aende Nairobi akachonge, mdogo abaki nyumbani alinde miti. Miti yenyewe ilikuwa mipingo iliyoota mteremkoni nyuma ya boma, ambayo babu aliizungushia miiba ili mbuzi na mashoka viikome. Mpingo hukua polepole mno. Mtu huukuta una unene wa kifundo cha mkono akiwa kijana, na huuacha una unene wa paja akifa. Baba alichonga mpingo ulionunuliwa mbali maisha yake yote, wala hakugusa hata tawi la ile ya kwao. Alisema ni ya mchongaji ambaye hajazaliwa. Baba mdogo naye hakuoa mapema, hakutafuta kibarua mjini, hakuhamia kwenye mashamba mazuri ya mtoni wenzake walipohama. Alikaa na miti. Mara moja tu, mwaka wa ukame mkali, alikata migunga miwili mitatu ya upande mwingine akachoma makaa, na baba alimgombeza kwa hilo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Wote wawili waliniita mwaitu, yaani mama yetu kwa Kikamba, kwa kuwa mimi ndiye niliyepewa jina la mama yao. Kila Jumapili baada ya kanisa baba mdogo alipiga simu kuuliza kama mama yake amekula. Nilizoea kujibu kama mama kweli, nikawagombeza wote wawili kuhusu tumbaku, nao wakanitii kwa maneno na kuendelea kunusa.

Kazi yangu iko mtaa wa Baba Dogo, ghorofa ya tatu, juu ya kiwanda kidogo cha mabeseni. Sakafu hutetemeka mashine zikiwashwa na ofisi nzima hunuka plastiki iliyoungua. Tunachora ramani za jinsi ardhi ilivyofunikwa: wapi ni msitu, wapi vichaka, wapi nyasi, wapi shamba, wapi ardhi tupu. Setilaiti hupita juu yetu kila baada ya siku chache na kupiga picha, na picha hiyo ni vipande vidogo vya mraba, kila kimoja karibu sawa na uwanja ulio kati ya safu mbili za nyumba zetu Jericho. Ndani ya kipande kimoja huwezi kuona mti, sembuse mtu. Unachoona ni rangi moja, ya kila kitu kilichomo kikiwa kimechanganywa. Penye majani mabichi, kwenye skrini zetu hung'aa nyekundu. Penye udongo, hufifia kuwa kijivu cha samawati.

Adui wa kazi hii ni mawingu. Wakati wa mvua, wakati ambapo nchi kame imevaa nguo zake, picha hujaa pamba nyeupe na hazifai kitu. Wakati wa kiangazi anga ni safi kama sahani. Kwa hiyo tulipopewa kazi ya kuchora wilaya kadhaa za Ukambani kwa ajili ya mradi wa malisho na misitu, nilichagua picha moja ya Septemba, safi kabisa, nikaridhika nayo. Nilikuwa pia na kanuni niliyofundishwa chuoni na kuipenda: kiangazi nyasi hufa, kwa hiyo kile kinachobaki kijani ni mti. Kanuni hiyo inafaa sana mahali ambapo miti haitupi majani. Nilikaa na picha hiyo wiki sita. Penye nyekundu niliandika msitu au vichaka, na kwingineko kote niliandika ardhi tupu, na kulikuwa na kwingineko kwingi.

Sikushtuka kuona utupu mwingi namna ile. Niliona huruma tu, ile huruma ya mtu wa mjini, na nikalaani wachoma makaa.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita nilileta kompyuta nyumbani nimalizie kazi. Baba aliniomba nimwonyeshe nyumbani kutoka juu. Nilifurahi mno. Kwa miaka mingi alikuwa amewaambia wachongaji wenzake kwamba binti yake anafanya kazi na vyombo vya angani, bila kujua hasa ni kazi gani, nami nilikuwa nangoja siku ya kumwonyesha. Aliosha mikono, akavaa miwani, akakaa kama mtu anayepigwa picha. Nikamwonyesha mto uliokauka, bati la shule, barabara ya udongo wa murram. Nikafuata kijia hadi kwenye boma la ndugu yake, kisha mteremko ulio nyuma yake. Ulikuwa wa kijivu, sawa na barabara.

Aliuliza miti iko wapi. Nikamwambia hapa hapana miti, ni ardhi tupu. Aliinama karibu na skrini, kana kwamba atachungulia nyuma yake, akauliza picha ilipigwa lini. Nikasema Septemba iliyopita.

"Mwezi wa tisa mpingo hauna majani," alisema. "Hiki chombo chako kinaona mti usio na majani?"

Hilo ndilo swali. Mzee ambaye hakumaliza shule ya msingi alikuwa ameuliza swali ambalo mimi, na shahada yangu, na wiki zangu sita, sikuwa nimejiuliza hata mara moja. Ningesema sijui, ngoja niulize. Ningesema hata sikujua kwamba mipingo hutupa majani, maana sikujua. Nilikuwa naiona Desemba tu, ikiwa imejaa. Lakini alikuwa ananitazama kwa yale macho ya kuniamini, na nilitaka kuwa yule mtu aliyekuwa anamwona ndani yangu.

"Kinaona kila kitu, baba," nilisema. "Kungekuwa na mti ungeonekana."

Kulikuwa na njia ya kuhakikisha. Ningetafuta picha za karibu zaidi, zile kali ambamo mti mmoja mmoja huonekana. Za eneo letu zilikuwa za zamani, lakini kwa kweli hata hizo sikuzitafuta. Baba alivua miwani, akampigia ndugu yake pale pale, simu ikiwa kwenye spika mezani. Alimuuliza miti ya baba yao iko wapi. Baba mdogo akasema iko mahali pake, imekwenda wapi? Baba akamwambia mtoto ameona kwa setilaiti, hakuna kitu pale. Walizungumza Kikamba kwa haraka, makaa yakatajwa, ule ukame wa zamani ukatajwa. Kisha baba mdogo aliomba kuzungumza na mimi.

"Mwaitu," alisema, "umeona nini?"

"Naona ardhi tupu, baba."

"Haya," alisema, akakata simu mwenyewe.

Watu wetu wa Nairobi wana chama cha ukoo kinachokutana kila mwezi, mambo ya mazishi na karo. Mwezi wa saba baba alisimama katika mkutano huo akasema ndugu yake amemaliza miti ya baba yao. Alisema kwa huzuni, si kwa hasira, na hilo lilifanya watu waamini zaidi. Mimi nilikuwepo. Mtu mmoja aliuliza kama ni hakika, na baba alinyoosha mkono kunionyesha mimi, nami nikatikisa kichwa kukubali. Mwezi uliofuata mtu huyo huyo alipita barabara ya kwetu akienda kumwona mgonjwa, akaripoti kwamba kweli, kutoka barabarani ule mteremko ni mweupe kama kiganja. Ilikuwa Agosti. Wengi waliokaa katika mkutano ule walikuwa watu wa Desemba kama mimi, na wale waliozaliwa kule walikuwa wameondoka zamani, wakasahau.

Baba mdogo angeweza kuleta mashahidi. Majirani zake wote waliiona miti hiyo kila siku. Lakini alikuwa na kiburi chake, na sasa nakielewa. Alimkataza mkewe kumpigia mtu yeyote simu. Alisema hatamtafutia ndugu yake mashahidi kana kwamba wako kortini. Macho anayo, aje aone. Baba naye alisema hatakanyaga boma la mtu aliyemuuza baba yao. Simu za Jumapili zilikwisha. Jumapili ya kwanza nilidhani ni mtandao. Desemba ilipofika hatukwenda, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na tulikula Krismasi mlangoni tukitazama majirani wakifunga mizigo.

Aprili iliyofuata wenye mradi waliirudisha ramani yetu. Walikuwa wamepeleka watu wakaikague ardhi yenyewe, na kila mahali nilipoandika ardhi tupu walikuwa wakijikwaa kwenye vichaka. Mkuu wetu wa ofisi ni mama mmoja mtulivu, ametembea sehemu kame zote za Kenya kwa gari na kwa mguu. Hakunigombeza. Alivuta kiti akakaa kando yangu, akafungua picha tatu za mahali pamoja na kuziweka ubavu kwa ubavu: ya Septemba, ya Januari baada ya vuli, na ya mwishoni mwa Mei baada ya masika.

Alinieleza kama anayemfundisha mtu kupika. Nchi hii huwezi kuipiga picha mara moja ukasema unaijua. Mti wa nchi kame ukiona jua limezidi hutupa majani ili usipoteze maji, ukakaa hivyo miezi hata mitano, mzima kabisa. Kwa hiyo picha ya kiangazi itakwambia hakuna kitu. Na ukichukua ya mvua peke yake utadanganyika upande mwingine, kwa kuwa nyasi na mahindi na vichaka vyote vitang'aa sawa, na utaandika msitu mahali penye magugu. Lazima uweke misimu yote pamoja, utazame kila kipande kinavyobadilika. Nyasi huwaka haraka na kuzima haraka. Miti huwaka hata kabla ya mvua kukolea, na huchelewa kuzima. Ukitazama mwaka mzima, alisema, kila mmea hujitaja wenyewe.

Nilikuwa simsikilizi tena. Nilikuwa nimeisogeza picha ya Januari hadi kwenye bati la baba mdogo. Mteremko ulikuwa mwekundu kutoka juu hadi chini, mwekundu mzito, hauna hata pengo moja.

Mkuu aliniuliza kama sijawahi kufika maeneo haya Septemba. Nikamwambia ni kwetu, lakini sisi huenda Desemba. Alicheka kidogo, bila ubaya, akasema, "Watu wa Nairobi nyinyi." Kisha akaniachia kazi ya kurekebisha ramani nzima.

Jioni ile nilishuka ngazi nikiwa nimekata kauli kumwambia baba kabla hata sijavua viatu. Nilimkuta mlangoni na vijiko vyake. Alinisalimu, akaniuliza kama kuna msongamano, nikasema upo. Nikapika. Tukala. Nilimwangalia akitafuna, nikajiambia leo amechoka, nitamwambia kesho. Kesho yake alikuwa na maumivu ya goti. Wiki iliyofuata nilijiambia ramani mpya bado haijakamilika, na si vizuri kuzungumza kabla ya kuwa na hakika. Nilikuwa na hakika. Mtu hawezi kuwa na hakika kuliko ile.

Halafu nikapata wazo lililonipa usingizi. Nitampeleka nyumbani Desemba. Nitakodi gari dogo, nitamshawishi kwa njia yoyote, tutafika mvua ikiwa imenyesha, aione miti kwa macho yake ikiwa na majani yake yote. Wazee wawili wataangukiana shingoni, mimi nitasema lo, kumbe ile picha ilikosea, na tutacheka. Niliipenda picha hiyo niliyoichora kichwani kuliko ramani yoyote niliyowahi kuchora. Haikuwa na mahali ambapo baba ananiuliza nilijua lini. Nilianza hata kufikiria ni zawadi ninayompa, na kwamba kumwambia mapema kutaiharibu. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kugeuza kosa lake kuwa sikukuu, lakini mimi nilifanya hivyo, na nililala vizuri miezi mitano.

Baba mdogo aliugua mwezi wa sita. Ilikuwa figo. Tulisikia juu juu, kupitia watu wa chama, na baba akaendelea kusugua kijiko chake. Siku mbili nilimwona ameshika simu mkononi, akiitazama, kisha akairudisha mfukoni. Ningemwambia siku hizo mbili. Wiki ya kwanza ya Septemba mama mdogo, mke wa baba mdogo, alipiga simu mwenyewe, asubuhi, baba akiwa ananyoa ndevu. Alisikiliza hadi mwisho na sabuni ikiwa shavuni.

Chama kilikodi basi la mazishi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda nyumbani kiangazi, na tulipovuka mto nilianza kuitambua nchi, ila niliitambua kutoka kazini. Ilikuwa picha yangu ile ile, rangi ile ile ya kijivu, kila upande, mpaka mwisho wa macho. Vilima nilivyovijua Desemba vilikuwa kama vimevuliwa nguo. Tulipokaribia boma niliuona mteremko kwa mbali, mweupe na mtupu, na mtu nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, "Si unaona?"

Baba hakukaa chini ya hema waliposambaza chai. Aliomba aonyeshwe mteremko. Mama mdogo alitutangulia, sisi wawili tukamfuata, baba akijivuta kwa fimbo. Tulipofika hatua kama mia hivi kutoka ukingoni, ule weupe ulianza kugawanyika. Ulikuwa vigogo. Vilikuwa vya kijivu, vyembamba, vyenye miiba, matawi yakiwa yamesukana bila jani hata moja, mti nyuma ya mti, kupanda mpaka juu. Uzio wa miiba ulikuwa umezungushwa upya. Hapakuwa na kisiki.

Na kila shina lilikuwa limepakwa chokaa, kutoka chini hadi kifuani mwa mtu, kama wanavyopaka miti ya shule.

Baba aliushika ule wa karibu akasimama nao. Mama mdogo alinigeukia mimi. Hakuwa na hasira, na sikujua wapi pa kuweka macho yangu.

"Ni kwa ajili yako," alisema. "Baada ya ile simu alisema mwaitu hawezi kusema uongo. Labda kutoka kule juu miti inafanana na mawe. Akasema akiipaka weupe, utaiona. Mvua ikiosha, anapaka tena. Alipaka mpaka mwezi wa sita alipolala."

Kisha alisema kuna wageni anapaswa kuwapokea, akashuka.

Nilibaki na baba. Alikwenda kutoka mti hadi mti, akipitisha kiganja kwenye gome, na chokaa ikamshika mikononi na kwenye koti lake la mazishi. Alikuwa analia waziwazi, bila kujificha, jinsi ambavyo sikumwona akilia hata siku ya kumzika mama. Mimi sikuweza kulia. Alipofika mti wa sita au wa saba alisimama, akanitazama kwa muda.

"Wewe hukushtuka," alisema. "Ulijua."

Nikamwambia nimejua tangu Aprili. Nilianza kumweleza misimu, mawingu, picha tatu, jinsi miti hii inavyotupa majani, mpango wangu wa Desemba. Alinyanyua mkono nikanyamaza.

"Mwezi wa nne," alisema, "alikuwa bado anapanda hapa na ndoo ya chokaa."

Alishuka mbele yangu, polepole, akikataa nimshike mkono, hata pale penye mawe yanayoteleza.

Mazishini kwetu ndugu huzungumza kabla ya jeneza kuteremshwa. Baba alipoitwa alichukua kipaza sauti kwa mkono ulio na chokaa. Mbele yake walikuwa wamekaa watu wote wa chama, wale waliokuja na basi, na mimi nilikuwa safu ya pili. Alisema mwaka jana aliwaambia ndugu yake amekata miti ya baba yao. Hakukata. Alinyoosha mkono kuelekea mteremkoni akasema anayetaka apande akaone. Alisema yeye mwenyewe alizungumza jambo ambalo hakuliona, akalikalia zaidi ya mwaka, akamwacha ndugu yake afe akiitwa mwizi, na kosa hilo ni lake.

Yule mtu aliyeripoti kutoka barabarani aliuliza kwa sauti, kutoka kitini pake, na ile picha ya binti yako je?

"Picha haikuwa na kosa," baba alisema. "Ni mimi niliyeisoma vibaya."

Watu walinigeukia. Mwongoza shughuli akauliza kama binti angependa kuongeza neno kuhusu baba yake mdogo, na kipaza sauti kikapitishwa mkono kwa mkono hadi mbele yangu. Baba alikuwa bado amesimama kando ya jeneza, akinitazama, akingoja kama wengine wote. Nilitikisa kichwa kukataa, na kipaza sauti kikarudishwa mbele.